Maswali Yenu: Rolling Stones, Miaka 11 ya Ukimya na Albamu ya Kopi

Katika toleo lililopita tuliitaja kwa mistari michache Blue & Lonesome, albamu ya bendi ya Rolling Stones ya Uingereza, tukasema kwamba ni miongoni mwa albamu bora za kurejea ulingoni kuwahi kutolewa na wazee wa roki na wa bluzi, ule muziki wa Wamarekani Weusi. Wasomaji wetu wa Arusha na Moshi wameona kwamba tulisema makubwa kwa maneno machache, na maswali waliyotuletea hayajibiki kwa sentensi moja. Tumewaachia ukurasa wote wa mwezi huu. Barua zimefupishwa, lakini hoja zao hatukuzigusa.

Ndugu Mhariri, mimi hupiga gitaa la besi katika bendi inayotumbuiza wageni hotelini hapa mjini, na nimechoka kusikia watu wakitudharau kwa sababu tunapiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine. Sasa ninyi mnatuambia kwamba bendi maarufu kama ile ilikaa miaka mingi bila albamu, kisha ikarudi na nyimbo 12 ambazo haikutunga hata mmoja. Kwa nini sisi tukipiga kopi tunaambiwa hatuna ubunifu, na wao wakipiga wanapewa sifa?
*Mpiga besi, Njiro, Arusha*

Ndugu yetu, tuanze na jinsi mambo yalivyotokea, maana albamu hii haikupangwa. Rolling Stones walitoa A Bigger Bang mwaka 2005, na ingawa baada ya hapo waliendelea kuzunguka dunia wakijaza viwanja, albamu nyingine ya studio haikutoka hadi tarehe 2 Desemba 2016. Desemba ya mwaka uliotangulia walikuwa wameingia British Grove, studio ya mpiga gitaa Mark Knopfler iliyoko Chiswick, magharibi mwa London, wakiwa na nyimbo zao mpya walizotaka kuzifanyia kazi. Chumba kilikuwa kigeni kwao na sauti ilikataa kukaa sawa, ndipo mpiga gitaa wao Keith Richards alipopendekeza wapige wimbo mmoja wa zamani wa mpiga harmonika Little Walter, kwa nia tu ya kukizoea chumba. Wimbo huo ulitoka vizuri kiasi kwamba mwimbaji wao Mick Jagger akaanza kutaja mwingine, na mwingine tena, na katika siku tatu albamu nzima ikawa imepatikana. Walipiga wote kwa pamoja, wakisikilizana na kutazamana, bila ile desturi ya siku hizi ya kila mtu kuja kwa zamu yake kurekodi kipande chake na kuondoka. Mpiga gitaa Eric Clapton, aliyekuwa akifanya kazi yake mwenyewe katika jengo hilohilo, aliingia na kuwapigia gitaa katika nyimbo mbili.

Sasa tuje kwenye dharau unayoilalamikia. Anayekudharau kwa kupiga kopi hajui historia ya bendi hiyo anayoisifu. Rolling Stones walianza kazi mwaka 1962 wakiwa bendi ya kopi, na hata jina lao walilitoa katika wimbo wa mwimbaji wa bluzi Muddy Waters wa mwaka 1950. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1964, ilijaa nyimbo za watu wengine, na ni mmoja tu uliobeba majina ya Jagger na Richards kama watunzi. Kwa hiyo walichokifanya mwaka 2015, Jagger akiwa na umri wa miaka 72 na mpiga drams Charlie Watts akiwa na 74, kilikuwa kurudia kazi waliyoianza wakiwa vijana, ila safari hii wakiwa na miaka zaidi ya 50 ya kuifahamu.

Hata hivyo ipo tofauti, na ni haki tukuambie. Bendi ya hoteli huchagua nyimbo ambazo mgeni anazijua, kwa sababu mgeni ndiye anayelipa, na kipimo cha kazi ni kama umefanana na santuri yenyewe. Hawa walichagua nyimbo ambazo hata wapenzi wengi wa bluzi walikuwa hawazikumbuki, wakaziacha zile zinazopigwa kila baa ya Chicago, na hawakujaribu kufanana na mtu. Jagger hawezi kunguruma kama Howlin' Wolf, mwimbaji wa bluzi wa Chicago, na anajua kwamba hawezi, basi anaimba kwa sauti yake mwenyewe, kavu na yenye haraka, na wimbo unabaki na uhai. Jaribuni hivyo ukumbini kwenu angalau kwa wimbo mmoja kila usiku: chukueni wimbo ambao mgeni haujui, mpige kana kwamba ni wenu.

Na ili usidhani kwamba tunaisifu kwa macho yaliyofumbwa, wimbo wa mwisho, I Can't Quit You Baby, haufikii ule wa mwimbaji wa bluzi Otis Rush wa mwaka 1956. Rush anaufungua kwa mlio wa koo unaomfanya msikilizaji aache anachokifanya. Stones na Clapton wanaupiga kwa ustadi na adabu nyingi, na adabu ndiyo inayoupunguzia makali.

Shikamoo mzee. Nina umri wa miaka 19 na mjomba amenipa harmonika aliyoileta kutoka safarini. Nimesikia kwamba albamu hiyo imejaa harmonika mwanzo hadi mwisho. Nisikilize nini ndani yake, na huyo Little Walter anayetajwa kila mara ni nani?
*Kijana, Majengo, Moshi*

Marahaba, mwanangu. Jina lake halisi lilikuwa Marion Walter Jacobs, alizaliwa Louisiana mwaka 1930 na kufariki mwaka 1968, na nyimbo nne kati ya zile 12 zimepitia kwake. Kuielewa albamu hii bila kumjua yeye ni kazi ngumu.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, Wamarekani Weusi kwa maelfu walihama mashamba ya kusini, hasa Mississippi, wakaenda Chicago kutafuta kazi viwandani. Muddy Waters alikuwa mmoja wao, alifika mwaka 1943. Muziki waliokuja nao ulikuwa wa gitaa la kawaida lisilo na umeme, unaofaa barazani jioni palipotulia, na haukuweza kushindana na makelele ya baa za mjini. Gitaa likaingizwa umeme. Harmonika nayo ilihitaji msaada, na Walter aliipatia harmonika yake heshima kwa njia rahisi kabisa: alichukua kipaza sauti kidogo, akakibana pamoja na harmonika ndani ya viganja vyake, kama mtu anayekinga kiberiti kisizimwe na upepo, na waya wake akauchomeka kwenye amplifaya ya gitaa. Sauti ikaja nene, yenye kukwaruza, wakati mwingine ikisikika kama tarumbeta. Mwaka 1952 alitoa Juke, muziki mtupu usio na maneno, uliokaa kileleni mwa orodha ya muziki wa Wamarekani Weusi kwa wiki nane.

Unapomsikiliza Jagger katika albamu hii, sikiliza kwanza hicho kiganja. Viganja vikifunga, sauti inazama na kuwa nzito. Vikifunguka, inatoka nje na kuwa nyembamba. Pili, sikiliza pumzi. Mtu anayejifunza harmonika hupenda kupuliza, lakini bluzi hukaa zaidi katika kuvuta, kwa sababu sauti za kuvuta, hasa katika tundu la pili na la tatu, ndizo zinazokubali kupindwa hadi zilie. Ndiyo maana harmonika iliyoandikwa herufi C hupigiwa bluzi katika ufunguo wa G, jambo ambalo huwashangaza wengi wanaoanza. Angalia ubavuni mwa harmonika yako uone imeandikwa herufi gani kabla hujamwita rafiki yako mwenye gitaa.

Huyo rafiki naye atahitaji kujua njia ya wimbo, ambayo katika bluzi ni vipimo 12 vinavyozunguka. Mkipiga katika G, vipimo vinne vya kwanza ni G, viwili ni C, viwili ni kurudi G, kimoja D, kimoja C, na viwili vya mwisho ni G tena. Dansi letu la zilipendwa mara nyingi hutumia sauti hizohizo tatu, ila huzizungusha kwa duara fupi ili wachezaji wasichoke kusubiri. Bluzi inakaa muda mrefu mahali pamoja kabla ya kuhama, na hapo katika kukaa ndipo mwimbaji anapopata nafasi ya kulalamika.

Baada ya Walter, nenda kwa mwimbaji wa bluzi Jimmy Reed, ambaye wimbo wake Little Rain umo humu, na ni wa polepole kuliko unavyotarajia kwa bendi ya roki. Muziki wa Reed ni rahisi kwa sikio na mgumu kwa mkono: gitaa linarudia pigo moja refu na moja fupi kwenye nyuzi za chini, bila kuongeza kasi, bila pambo. Mtu aliyelipiga gitaa hilo katika santuri nyingi za Reed ni Eddie Taylor, na wimbo wa Eddie Taylor mwenyewe, Ride 'Em On Down, nao umo katika albamu hii. Hapo utaona kwamba Stones hawakumtafuta nyota peke yake, walimtafuta na yule aliyekaa nyuma ya nyota. Wachache hufanya hivyo.

Pia msikilize Charlie Watts. Yeye alilelewa na jazi kuliko bluzi, na drams zake hazisukumi. Zinamngoja mwimbaji amalize, kisha zinaanguka nyuma kidogo ya pale sikio lilipozitarajia. Kijana wa leo aliyezoea midundo iliyopangwa na kompyuta anaweza kudhani kwamba mzee amechelewa. Usikimbilie hukumu, rudia wimbo wa kwanza mara kadhaa ukifuata drams pekee.

Nyimbo nyingine zinatoka mbali na Chicago. Lightnin' Slim, aliyerekodi Hoo Doo Blues, ni wa Louisiana, na Everybody Knows About My Good Thing uliimbwa na Little Johnny Taylor mwaka 1971, wakati bluzi ilikuwa tayari imechanganyika na muziki wa soul. Hizo ziache kwa baadaye. Harmonika kwanza.

Mhariri mpendwa, mimi ni mwalimu mstaafu na nimeipenda albamu hiyo, lakini inanikera pia. Waliotunga nyimbo hizo walikuwa Weusi, wengi wao wakafa wakiwa hawana kitu, na vijana wa Kiingereza wakatajirika kwa muziki wao. Je, huo si wizi uliovalishwa koti zuri?
*Mwalimu mstaafu, Shanty Town, Moshi*

Mwalimu, kero yako ina msingi, na rekodi za Rolling Stones wenyewe zinakupa ushahidi. Mwaka 1968, katika albamu yao Beggars Banquet, waliweka wimbo Prodigal Son wakauandika kuwa ni utunzi wa Jagger na Richards, hali ulikuwa wa Robert Wilkins, mchungaji aliyewahi kuwa mwimbaji wa bluzi. Mwaka uliofuata waliimba Love in Vain wa mwimbaji wa bluzi Robert Johnson, aliyekuwa amefariki tangu mwaka 1938, na jina lake halikuandikwa kama mtunzi. Suala la haki za nyimbo za Johnson lilifika mahakamani Marekani, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa ikakataa hoja kwamba nyimbo hizo zilikuwa hazina mwenyewe. Wala hawakuwa peke yao katika hili. Willie Dixon, mtunzi mkuu wa bluzi ya Chicago, aliwashtaki bendi ya roki ya Led Zeppelin mwaka 1985, na mwaka 1987 wakamalizana nje ya mahakama.

Upande wa pili wa mizani nao haupaswi kufichwa. Mwaka 1964 Stones waliutoa Little Red Rooster, utunzi wa Dixon ulioimbwa kwanza na Howlin' Wolf, na ukafika namba moja Uingereza. Mwaka uliofuata, walipoalikwa katika kipindi cha televisheni cha Shindig huko Marekani, walitaka Howlin' Wolf naye aonyeshwe, na vijana hao wakakaa chini mbele yake alipokuwa akiimba. Kwa wakati ule, mtu Mweusi wa umri wake na ukubwa wa umbo lake kupewa jukwaa la televisheni la vijana wa Kizungu lilikuwa jambo la nadra.

Kinachochanganya watu wengi ni tofauti ya mwimbaji na mtunzi. Msikilizaji husema "wimbo wa Otis Rush" au "wimbo wa Howlin' Wolf", lakini fedha za utunzi hufuata jina lililoandikwa kama mtunzi. I Can't Quit You Baby ni wa Dixon kwa utunzi, ingawa Rush ndiye aliyeupa roho, na mirathi ya Rush haidai chochote kwa sababu ya Stones kuuimba. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na ni vyema wanamuziki wetu wa Moshi na Arusha wanaotungiana nyimbo kwa makubaliano ya mdomo walijue hilo kabla ya ugomvi.

Katika Blue & Lonesome kila mtunzi ametajwa kwa jina lake. Kwa hiyo sitaiita albamu hii wizi. Nitaiita malipo ya sehemu ya deni, yaliyofanywa na watu waliokuwa na uwezo wa kuyafanya mapema zaidi, na wengi wa wadai walikuwa wamekwisha kufa.

Tunaambiwa kwamba bluzi ilitoka Afrika. Je, sisi watu wa Arusha tunaweza kudai chochote katika muziki huo?
*Msomaji, Kaloleni, Arusha*

Kwa bluzi, hapana, na tusijipendekeze. Mizizi ya Kiafrika ya bluzi inatafutwa magharibi mwa bara, walikotolewa wengi wa waliopelekwa utumwani Marekani. Ukitaka kuisikia karibu, msikilize mpiga gitaa Ali Farka Touré wa Mali, hasa albamu aliyoitoa mwaka 1994 pamoja na Mmarekani Ry Cooder, Talking Timbuktu. Cooder huyohuyo ndiye aliyepiga mandolini katika Love in Vain ya Rolling Stones, ile tuliyomtajia mwalimu wetu hapo juu, kwa hiyo mnyororo upo, ila haupiti Mnara wa Saa.

Arusha ina historia yake ambayo haihitaji kuazima. Mwaka 1970 ndugu wa ukoo wa Kinyonga, Wilson na George, waliokuwa wamepigia Jamhuri Jazz ya Tanga, walikuja hapa na kuanzisha Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka kwenda Mombasa, na huko wakawa Simba Wanyika. Gitaa lao lilijifunza kutoka rumba ya Kongo na santuri za Kuba zilizoenea Afrika Mashariki kwa jina la GV, na ndani yake sisikii Mississippi hata kidogo. (Neno "Jazz" katika majina ya bendi zetu za wakati huo lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa, wala halikuwa na habari na jazi ya New Orleans.) Ukiwalinganisha na Stones, linganisha namna ya kujifunza: vijana wanaokaa na santuri za watu wa mbali hadi mkono unaijua njia, kisha wanatoka na sauti yao.

Kwa maoni yenu, albamu ya kurejea ni hii ya 2016 au ni Hackney Diamonds ya 2023, ambayo ina nyimbo zao wenyewe? Nina nafasi ya kununua moja tu.
*Msomaji, Soweto, Moshi*

Kwa hesabu ya nyimbo walizotunga wenyewe, ni Hackney Diamonds, iliyotoka Oktoba 2023, miaka 18 baada ya A Bigger Bang. Charlie Watts alikuwa amefariki Agosti 2021, na drams zake zimo katika nyimbo mbili tu zilizorekodiwa kabla ya kifo chake. Ni albamu nzuri yenye sauti iliyosafishwa sana, pengine kupita kiasi kwa sikio langu, na wageni mashuhuri ni wengi.

Blue & Lonesome ilifika namba moja Uingereza na mwaka 2018 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya bluzi ya asili, lakini sababu yangu ya kuichagua ni nyingine: ndiyo albamu ya mwisho ya studio ambamo Watts, Jagger, Richards na mpiga gitaa Ronnie Wood wanasikika wakipiga pamoja kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Nunua hiyo. Ya 2023 iazime kwa rafiki, na uanzie wimbo wa 12, ambapo Jagger na Richards wamebaki wawili tu, na gitaa moja na harmonika, wakipiga ule wimbo wa Muddy Waters uliowapa jina.